Mlango Mfupi wa Stesheni ya Juu

Mdogo wangu Dismas amenunua nyumba Mansfield, na bustani yake ameizungushia mataruma ya reli. Ndio mtindo wa huku Texas. Mbao nene zilizokanyagwa na treni miaka mingi zikichoka hung'olewa, zikauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na watu wakazipanga kuzunguka maua. Jumapili moja ya joto kali tulikwenda kula kwake baada ya misa. Niliposhuka tu kwenye gari, harufu ikanipiga: lami, mafuta machafu, kutu. Jua lilikuwa limeichemsha lami ile mpaka ikawa inachuruzika nyeusi kwenye nyufa za mbao. Nilisimama pale na bakuli langu la maharage, hasira ikanipanda kiasi kwamba nilishindwa kumsalimia mke wake.

"Toa hizi mbao," nikamwambia Dismas.

"Dada, karibu kwanza. Hata salamu?"

"Zitoe."

Akacheka. Siku hizi ana ndevu, ana kazi ya kompyuta na kiti kinachozunguka, kila kitu kinamchekesha. "Dada Konso, relax. Ni mbao tu. Nimezibeba mwenyewe, mgongo bado unaniuma."

"Hujui zinanuka nini?"

"Zinanuka mbao."

Hakumbuki. Alikuwa na miaka tisa, na siku ile alifanya jambo kubwa kuliko sisi wote, na halikumbuki. Nilikula chakula chake, nikaondoka mapema, na tangu hapo hasira haijashuka. Kwa hiyo ninaandika. Ninawaandikia ninyi mliokuja huku mkiwa watoto, mliozaliwa kambini kisha mkashushwa uwanja wa ndege mmevaa makoti makubwa ya msaada, na leo mna watoto wanaowajibu kwa Kiingereza. Ninyi mtanielewa bila mimi kuzunguka sana.

Nyumba yetu ya kwanza Fort Worth ilikuwa kwenye ghorofa za matofali mekundu zilizokaa chini ya stesheni ya zamani. Ninasema chini kwa sababu stesheni ile ilikuwa juu. Reli ilikuja imebebwa na matao ya matofali, ikapita juu ya barabara, juu ya duka la matairi, ikaingia ghorofa ya pili ya jengo kubwa la mawe na kuishia humohumo. Haikutokea upande wa pili. Ilikuwa kituo cha mwisho, na mwisho wenyewe ulikuwa vizuizi viwili vya chuma vilivyokunja uso kama vichwa vya mbuzi. Treni za abiria zilikuwa zimekwisha kukoma kabla hatujazaliwa. Za mizigo zilipita reli ya jirani, juu vilevile, na zikipita vikombe vyetu vilitembea mezani. Wakati wa kiangazi lami ya mataruma iliyeyuka ikadondoka kupitia matao mpaka kwenye njia ya watu wa miguu. Imelda, kitinda mimba wetu, alirudi nyumbani na madoa meusi kwenye soksi, na Mama aliyasugua kwa mafuta ya kula.

Mama hakuipenda. Akifika kwenye tao alifanya ishara ya msalaba, kisha akaongeza mwendo. Sisi watoto tulijua sababu, au tulidhani tunaijua. Kule Kigoma, kambini, treni tuliijua kwa kazi moja tu, kuwaanzisha watu safari ya kurudishwa Burundi. Jirani aliyepelekwa stesheni hatukumwona tena. Kwa hiyo tulipoona tumepewa nyumba chini ya stesheni, mimi na Dismas tulielewa, bila mtu kutuambia, kwamba tuko kwenye foleni. Tukikosea, juu kuna treni. Dismas alipovunja dirisha la jirani kwa mpira, alijificha chini ya kitanda hadi Mama akamvuta kwa miguu.

"Unaogopa nini, wewe?"

"Stesheni."

Mama hakucheka. Alimpangusa vumbi la kichwani, akamwambia huku hawarudishi watu kwa sababu ya dirisha. Hakusema wanawarudisha kwa sababu ya nini.

Wenye jengo la stesheni walikuwa wakikodisha vyumba kwa bei ya chini kwa yeyote, maana paa lilivuja na njiwa walikuwa wamejaa. Ukumbi mkubwa wa juu, wenye sakafu ya marumaru, walihifadhia makochi ya duka moja. Chumba cha chini, kilichokuwa chini ya reli kabisa, walitukodishia sisi Warundi kwa arusi, ubatizo na matanga. Humo ndimo nilimocheza mpaka nikakua. Kulikuwa na mabenchi ya mbao yaliyofungwa kwenye ukuta, ngazi nyembamba ya kupandia kwenye reli, na bomba dogo la kunywea maji lililowekwa chini sana. Na mlango wake ulikuwa mfupi. Ulikuwa umebanwa chini ya ngazi za nje, na juu yake palikuwa na herufi za saruji zilizopakwa rangi mara nyingi mpaka hazisomeki. Watu wazima walilazimika kuinama kuingia. Mzee Salvatori, msemaji wetu kwenye sherehe zote, ni mrefu, na kila mara alijigonga na kutukana kidogo kwa Kirundi.

Mimi niliupenda mlango ule. Nilipima kichwa changu pale, nikapima na bomba la maji, nikafikia uamuzi. "Hiki ni chumba cha watoto," nikamwambia Dismas. "Wamarekani walijenga stesheni, wakaona watoto nao wanasafiri, wakawawekea chumba chao, mlango wao na maji yao."

"Wote wanaingia? Hata sisi?"

"Hata sisi."

Miaka kadhaa nilitembea na fahari hiyo. Ninaiandika leo na meno yananiuma kwa kuyasaga.

Mama alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, akikunja mashuka pamoja na mama mmoja Mmarekani mweusi aliyeitwa Miss Odell. Hawakuwa na lugha moja, lakini kukunja shuka kubwa kunahitaji watu wawili wanaokwenda na kurudi, na kwa njia hiyo wakawa marafiki. Miss Odell alikuja kwenye sherehe zetu zote. Alikula maharage yetu akayalalamikia chumvi. Ila hakuingia kwa mlango mfupi hata mara moja. Alizunguka jengo zima juani, na fimbo yake, akaingilia nyuma kwenye njia ya kushushia mizigo. Nilidhani anaringa.

Baadaye, nikiwa na miaka kumi na saba na mimi nikikunja mashuka yaleyale, nilimuuliza. Alishika ncha zake mbili za shuka, mimi zangu mbili, akanieleza bila kusimama kukunja. Stesheni iliinuliwa juu ili treni zisizuie magari ya farasi barabarani. Abiria weupe walipanda ngazi pana za mbele mpaka kwenye marumaru. Watu weusi waliingia kwa mlango ule wa chini, wakangoja kwenye chumba kile chini ya magurudumu, wakapanda ngazi ile nyembamba treni ikiwa karibu kuondoka. Zile herufi zilizopakwa rangi zilisema mlango ni wa nani. Yeye aliupita akiwa mtoto, ameshikwa mkono na mama yake, wanakwenda Houston kumzika babu. Mama yake alikuwa amevaa kofia nzuri ya msiba, na alipoinama ikagonga ukingo, ikaanguka, na mzungu mmoja akaikanyaga akipita.

"Nikaapa," akasema. "Siinami tena pale. Lete ncha zako."

Nikaleta ncha zangu. Nilikuwa ninafikiria fahari yangu.

Sasa stesheni imefunguliwa upya. Juu kuna nyumba za kupanga za watu wenye nafasi, na pale reli zilipoishia wamejenga bwawa la kuogelea. Nilikwenda siku walipokaribisha watu kutembezwa bure. Kijana mmoja mwenye tai na kipaza sauti kidogo alitueleza historia: marumaru imetoka wapi, saa ilitengenezwa na nani, bibi arusi gani tajiri alishukia hapa. Tulipofika chini, mlango ule wameurefusha, umewekwa kioo, na ndani wanauza kahawa.

"Na hapa," akasema, "palikuwa chumba cha mizigo."

"Mizigo ilikuwa inakunywa maji bombani?" nikauliza.

Alitabasamu. "Swali zuri!" Akawaongoza wengine kwenda kuona bwawa.

Nilibaki pale nimesimama. Ukutani hakuna neno hata moja kuhusu aliyewahi kungoja humo. Kuhusu sisi ndio usiseme. Kibao chao kinadai jengo lilikaa tupu miaka mingi. Tupu! Humo ndimo tulimoondoa matanga ya Mama yangu.

Baba alikufa kambini. Mama alikufa Fort Worth, figo, mwanzoni mwa masika ya huku, wakati maua ya samawati yanaota kando ya barabara kuu na watu wanasimamisha magari kupiga picha. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, Dismas tisa, Imelda mitano. Baada ya maziko majirani walilala kwetu kwa zamu, kisha ikatangazwa kanisani siku ya kuondoa matanga. Watu wakaja kutoka Dallas na Arlington. Mjomba Balthazar, kaka wa Mama, alitoka Missouri City kule upande wa Houston. Alifika asubuhi amechoka, akaomba ufunguo wa nyumba ajinyooshe kidogo wakati sisi tuko kwenye misa. Tukampa.

Mchana tukaenda chumba cha chini. Kina mama walikuwa wamepika wali, ndizi, maharage na sambusa, na pombe ya mtama imejaa kwenye pipa la plastiki la buluu, mirija mirefu imechomekwa. Mimi niligawa sahani, kwa sababu mimi ni msichana na msichana hata akifiwa ana mikono. Dismas alikaa na Imelda kwenye ngazi ile ya kupandia juu.

"Nenda kojoa," nilimsikia akimwambia. "Kwenye treni hakuna choo."

"Treni gani?" nikamuuliza.

"Si tuko stesheni? Na watu wote wamekuja kutuaga."

Ningemcheka, lakini na mimi tangu asubuhi nilikuwa na wazo hilohilo. Mama ndiye aliyekuwa na kazi na ndiye aliyetusemea. Mama hayupo, basi tunarudishwa kwenye nchi ambayo hatujawahi kuiona. Nilikuwa nimejipanga kuikataa treni. Nilikuwa nimepanga hata maneno.

Wazee walikuwa wamejitenga kwenye kona, karibu na bomba la maji. Nikawapelekea chakula. Hawakunyamaza nilipofika, kwani anayegawa sahani haonekani.

"Mvulana namchukua mimi," Mjomba alikuwa akisema. "Missouri City shule nzuri. Wangu wote wasichana, huyu atanisaidia kukata majani."

"Mdogo aende Dallas kwa shangazi yake," akasema mwingine.

"Na huyu mkubwa?"

"Huyu atakaa kwangu," akasema Mzee Salvatori. "Mke wangu ana mapacha na anaingia zamu ya asubuhi. Huyu anajua kulea."

"Na shule?"

"Shule ipo. Itakimbilia wapi?"

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu wazima cha kumalizia jambo. Kisha Mzee akaniona. "Weka hapo, mwanangu. Asante. Ee, umekua wewe!"

Niliweka sahani. Nikarudi kwenye pipa. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilitamani ingekuwa treni. Treni ingetupakia sote watatu kwenye behewa moja. Hawa walikuwa wanatupeleka kila mmoja kwenye barabara yake kuu.

Ninajua walichokuwa wanafikiri. Walikuwa watu wanaofanya kazi zamu mbili kwenye maghala na viwanda vya kuku, nyumba zao zimejaa, na walidhani wanatuokoa. Nimelijua hilo miaka mingi. Halijanipunguzia kitu.

Nikamfuata Dismas kwenye ngazi. "Hakuna treni," nikamwambia. "Wanatugawa."

"Kama nini?"

"Kama hizi sahani. Jioni kila mwenye yake anachukua yake. Wewe Houston, Imelda Dallas."

Hakulia. Aliangalia sahani. "Na wewe?"

"Sikiliza. Watakuita kwenye kiti. Wakikuuliza neno lolote, nitazame mimi. Usimtazame mtu mwingine."

"Nikisahau?"

"Nitapiga kelele."

Kwetu matanga hayaishi mpaka mrithi akaonyeshwa. Tunamwita samuragwa, yule anayekaa mahali pa marehemu. Anakalishwa kwenye kiti mbele ya watu, anapewa kibuyu, msemaji anamuuliza maswali yanayojulikana na yeye anatoa majibu yanayojulikana. Kwetu sisi aliyeonyeshwa siku ile alikuwa Dismas, mtoto wa miaka tisa, kwa kuwa ndiye mvulana. Mimi niliyekuwa nimemwosha Mama na kumlisha uji kwa kijiko sikutajwa. Pombe hawangeweza kumpa, basi kibuyu kile kizuri tulichokuja nacho kutoka kambini wakakijaza Fanta.

Mzee Salvatori akasimama, akavua kofia. Ana sauti nzuri, siwezi kumnyima hilo.

"Mwana wa marehemu, nyumba imebaki na nani?"

"Imebaki naye!" watu wakamjibia mtoto, kama desturi.

"Na wewe umeegemea kwa nani?"

Hapa mtoto hainui mdomo. Anainuka yeye, anampelekea msemaji kibuyu. Msemaji anakunywa, watu wanapiga makofi, na kuanzia hapo neno la nyumba ile liko kwa wazee. Kila mtu mle ndani alilijua jibu, isipokuwa aliyeulizwa. Mjomba ndiye aliyepaswa kumfundisha, na Mjomba wakati huo alikuwa ametoka nje kwenye gari lake. Hakuna aliyemkumbusha. Waliona ni mtoto, ataelekea tu kule anakosukumwa.

Dismas alikaa na kibuyu mapajani. Treni ya mizigo ikaanza kupita juu, mabenchi yakatetemeka, vumbi likadondoka kwenye wali, na hakuna aliyesogea, maana swali lilikuwa limeulizwa na bado halijajibiwa. Akawatazama watu mmoja mmoja. Mzee akanyoosha mkono kidogo kumsaidia. Mimi nikaweka trei chini.

Akaniona. Akashuka kwenye kiti, akavuka chumba kizima kibuyu kikimwagika kwenye viatu, akasimama mbele yangu.

"Konso, kunywa."

Nikanywa. Sikuonja, nilikunywa yote, Fanta ya moto iliyokwisha kuisha gesi, mpaka tone la mwisho, ili asibaki mtu wa kusema na yeye amegusa.

Chumba kikalipuka.

"Mtoto hajui!"

"Hajafundishwa! Irudiwe!"

"Jazeni tena, irudiwe!"

Bibi mmoja aliyekuwa kwenye pipa akatoa mrija mdomoni. "Irudiwe vipi? Kinywaji kimekwisha kunywewa. Mtamtapisha?"

Baadhi ya kina mama wakacheka, na kicheko kile kilinisaidia kuliko dua zote zilizokuwa zimesemwa mle. Nilikuwa na maneno niliyoyapanga kwa ajili ya treni. Nikayageuza.

"Hakuna anayekwenda Houston," nikasema. "Hakuna anayekwenda Dallas. Na mapacha wako, Mzee, wana mama yao."

Ninyi mnajua kusema hivyo mbele ya wazee ni nini. Mwanamke mmoja alishika mdomo. Mzee Salvatori aliivaa kofia yake kichwani, taratibu. Mjomba aliingia wakati huohuo, akasahau kuinama, akajigonga.

"Kuna nini huku?"

"Mpwa wako amekunywa," akajibiwa.

"Amekunywa nini?"

"Kila kitu."

Alipoelezwa akanijia huku anasugua paji la uso. "Wewe una miaka kumi na minne. Nani atasaini mkataba wa nyumba? Nani ataitwa shuleni? Watu wa serikali wakigonga mlango wakakuta watoto peke yao, watawachukua wote watatu, wawape watu msiowajua. Ndicho unachotaka?"

Kila alichosema kilikuwa kweli, na ndicho kilichoniudhi zaidi, kwamba ukweli wote ulikuwa mikononi mwake na alikuwa anautumia kunipigia. Machozi yakaja. Niliyazuia kwa kumtazama shingoni.

Miss Odell alikuwa amekaa kwenye benchi lake na fimbo kati ya magoti. Alikuwa amefuata yote kwa macho. Akamvuta Dismas shati. "Wanasemaje?" akamuuliza kwa Kiingereza.

"Wanasema Dada hana mtu mzima."

"Na yeye anasemaje?"

"Anasema hatugawanywi."

Miss Odell akainuka, jambo lililochukua muda. "Mwambie huyo bwana mimi nina nyumba ya kukodi yenye mende na sina wa kuniuliza nimerudi saa ngapi. Mwambie mimi ni mtu mzima wa kutosha, magoti yangu yanathibitisha. Na mwambie huyo dada yako sipiki."

Dismas alitafsiri yote, hata mende.

Hakuna aliyepiga makofi. Wazee walirudi kwenye kona, wakazungumza kwa muda mrefu. Lakini kinywaji kilikuwa kimekwisha kunywewa mbele ya watu, na hawa walikuwa watu waliopoteza nchi na mashamba na kubaki na desturi tu. Hawakuweza kuivunja yao wenyewe. Mzee Salvatori alirudi akasema kwa kifupi, bila kunitazama, "Basi. Tutaona."

Waliona. Miss Odell alikwenda mahakamani amevaa kofia, akaandikwa mlezi wetu, akahamia kwetu na kiti chake. Nilipofika miaka kumi na sita niliacha shule nikaingia kwenye chumba cha kufulia, kwa kuwa magoti yake yalikuwa yamekataa kazi ya kutwa nzima na kodi haikukataa. Aligombana na mimi kwa ajili ya shule kuliko mtu yeyote wa damu yangu. Dismas alisoma. Imelda alisoma, sasa ni muuguzi Dallas, alikwenda mwenyewe kwa miguu yake na gari lake. Na Imelda alipohitimu, Mzee Salvatori, amezeeka, alisimama na ile sauti yake nzuri akasema, "Hawa ni watoto wetu. Jamii hii ndiyo iliyowalea." Watu wakapiga makofi. Mimi niliendelea kukaa. Kibao cha stesheni kinasema jengo lilikuwa tupu, Mzee anasema walitulea, na Dismas anasema ni mbao tu. Kila mmoja ananyoosha hadithi yake mpaka mlango unakuwa mrefu na hakuna aliyewahi kuinama.

Kwa hiyo nitaimalizia mahali ilipoishia kweli. Watu walikuwa wametawanyika, kina mama wanapanga sahani zao, jua bado liko juu. Nilitoka na Imelda mgongoni. Gari la Mjomba lilikuwa limeegeshwa kwenye kivuli cha tao la reli. Dismas akasimama kwenye dirisha lake la nyuma, amebandika viganja kwenye kioo.

"Dada, viatu vyangu vya mpira vimo humu."

Nikachungulia. Vilikuwa humo.

"Fungua buti la gari," nikamwambia Mjomba.

"Konso, nime-drive tangu alfajiri kwa ajili yenu. Nimemzika dada yangu. Usinitie aibu barabarani."

"Fungua."

Alifungua. Ndani mlikuwa na mfuko mweusi wa takataka umefungwa fundo. Nikaufungua palepale. Suruali zake za shule, koti, fulana zote, blanketi. Kumbe alikuwa amevifungasha asubuhi, kwa ufunguo wetu, wakati sisi tumepiga magoti tunamwombea Mama, kabla ya mtu yeyote kukaa kwenye kona na kuamua chochote. Na chini kabisa, katikati ya soksi, mswaki. Alikuwa ameingia mpaka chooni kwetu, akauchomoa kwenye kikombe tulimowekea miswaki yetu mitatu, akaiacha miwili.

"Ningemnunulia mwingine," Mjomba akasema, "lakini nikaona mtoto anapenda wake."

Nadhani alisema hivyo kwa upendo. Ndiyo maana nilishindwa kumpiga.

Nilifunga mfuko, nikautwika kichwani kama ndoo ya maji, nikamhamishia Imelda kiunoni, tukaondoka. Magari yalipunguza mwendo, watu wakatutazama. Dismas alikataa mswaki kurudishwa mfukoni. Aliushika mkononi, ameuinua juu kidogo usiguse kitu, njia nzima mpaka nyumbani. Tulipoingia alikwenda moja kwa moja akaurudisha kwenye kikombe, kati ya wangu na wa Imelda, kisha akaja jikoni akaniuliza tunakula nini.